Ukoloni anza na reli, sio Berlin
Walimu wenzangu wa historia, kabla hujataja mkutano wa Berlin 1884, ule wa Wazungu kugawana Afrika, wape wanafunzi ramani tupu ya Tanzania wachore reli za Mjerumani kwa kalamu nyekundu, Tanga hadi Moshi, Dar hadi Kigoma, afu uliza tu: mbona zote zinashuka baharini? Wenyewe watakwambia mkonge na kahawa, tena waambie reli hizo mbili ziliunganishwa 1963, tushapata uhuru, na Arusha hadi Dodoma mpaka leo hamna reli. Inakaa kichwani kwa sababu mkono wao ndo umepita pale. Inagoma ukitumia ramani yenye TAZARA (reli ya Dar hadi Zambia) na SGR (reli mpya ya kisasa) bila miaka, watachanganya ya 1975 na ya 1914, kwahiyo miaka iandikwe kwanza.