Kufuatilia kuvunjika kwa atrazini kwenye udongo kwa kutumia kaboni-14

Kipimo cha kawaida cha mabaki kinaonyesha kwamba atrazini, dawa ya kuua magugu, imepungua, lakini hakisemi imekwenda wapi. Huenda imegeuka kaboni dayoksaidi, huenda imekuwa kemikali nyingine, au imejifunga tu kwenye mboji. Kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi inayowekwa ndani ya molekuli kama alama, hutoa jibu, mradi uamuzi wa kwanza uwe sahihi.

1. Amua alama ikae wapi. Molekuli ya atrazini ni pete ya kaboni tatu na naitrojeni tatu, yenye tawi la ethaili na la isopropaili. Alama ikiwa kwenye tawi la ethaili, bakteria wakilikata tawi hilo utaona kaboni dayoksaidi yenye mionzi ikitoka na kudhani dawa imekwisha, kumbe pete ingali nzima. Ukitaka kujua kama dawa imevunjika hadi mwisho, agiza yenye alama kwenye kaboni zote za pete.

2. Andaa udongo. Chekecha kwa chekeche ya milimita 2. Usiuanike juani: vijiumbe vingi hufa, na ukiulowesha tena waliobaki hupumua kwa kasi isiyo ya kawaida. Weka unyevu kati ya 40% na 60% ya uwezo wake wa juu wa kushika maji, kisha uache gizani kwa 20°C wiki moja au mbili. Andika historia ya shamba, maana udongo uliozoea atrazini huivunja haraka zaidi.

3. Piga hesabu ya dozi. Kilo 1 kwa hekta, kwenye kina cha sentimita 10 na udongo wa gramu 1.5 kwa sentimita ya ujazo, ni sawa na miligramu 0.67 kwa kilo. Udongo wa gramu 50 (uzito mkavu) unahitaji mikrogramu 33. Changanya atrazini yenye alama na isiyo na alama hadi kiasi hicho kibebe kilobekereli 10, yaani mivunjiko ya atomi 600,000 kwa dakika.

Epuka kumwaga kiyeyushi moja kwa moja kwenye udongo, kwani huua vijiumbe. Atrazini huyeyuka kwenye maji kwa takriban miligramu 33 tu kwa lita, kwa hiyo mililita 1 ingekuwa ukingoni kabisa. Tumia mililita 2, na uzihesabu kwenye unyevu. Pima mionzi ya myeyusho kabla ya kudozi na baada ya kumaliza, kwa sababu asilimia zote zitakazofuata zinasimama juu ya namba hiyo.

4. Funga chupa. Tumia chupa ya mililita 250 yenye kikombe cha mililita 10 za sodiamu haidroksaidi ya molari 1; huo ndio mtego wa kunasa kaboni dayoksaidi. Andaa chupa tatu kwa kila siku ya kuvuna sampuli: 0, 3, 7, 14, 28, 56, 90 na 120. Ongeza zisizo na dawa, na zenye udongo uliouawa vijiumbe.

5. Badilisha mtego kila wiki, na ingiza hewa mpya. Chukua mililita 1, changanya na kimiminika cha sintilesheni (kinachogeuza mionzi kuwa mwanga) kinachostahimili alkali, uache gizani usiku kucha. Ukipima papo hapo, mwanga wa kikemikali utahesabiwa kama mionzi. Ikiwa 1% ya dozi imetoka, sampuli hiyo itakupa mivunjiko 600 kwa dakika. Kuthibitisha kwamba ni kaboni dayoksaidi, ongeza bariamu kloraidi: mionzi inapaswa kuzama na mashapo meupe. Asidi isiguse mtego huo kamwe, kwani gesi yenye mionzi itatoka na utaivuta.

6. Kamua udongo mara tatu kwa asetonitraili na maji (4:1), ukitikisa saa moja kila mara. Tenganisha kilichotoka kwa kromatografia. Udongo uliobaki ukaushe na kuusaga laini, kisha choma sampuli tatu za nusu gramu ili kupima mabaki yaliyofungwa kwenye udongo, yasiyokamulika. Usiposaga, sampuli hizo hazitakubaliana.

7. Jumlisha. Gesi, kilichokamuliwa na kilichofungwa vifikie 90–110% ya dozi, kama mwongozo namba 307 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) unavyotaka. Siku ya 0 ikiwa chini, shuku dozi iliyonata kwenye kioo au uchomaji usiokamilika. Upungufu ukikua kadiri siku zinavyokwenda, tafuta mahali gesi inapovuja. Ikizidi 110%, rudia sampuli za mtego kwanza.

Kaboni za pete ya atrazini tayari zimeoksidishwa, hazina nishati ya kuwapa bakteria. Wao hutafuta naitrojeni na kuziachilia kaboni. Ndiyo maana ni kosa kudhani kwamba mabaki yaliyofungwa, alama ikiwa kwenye pete, ni miili ya bakteria. Sehemu kubwa huwa atrazini yenyewe au mazao yake. Na udongo uliotiwa mbolea ya naitrojeni karibuni unaweza kutoa gesi kidogo hata kama vijiumbe wake ni hai kabisa, hivyo pima naitrojeni ya madini kabla ya kudozi.