Jinsi ya Kushuka Kreta ya Ngorongoro Ukitokea Dar

Nimetoka kuwapangia safari akina mama wa kikoba kimoja cha Tabata. Maswali yao karibu yote yalirudi kwenye gari na malipo, kwa hiyo humo ndimo nitakapokaa zaidi.

1. Fika Karatu, mji ulio karibu na geti la Ngorongoro. Basi la alfajiri kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, lala Arusha, kesho yake endelea. Beba jaketi zito. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba mtu wa Dar anatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa.

2. Gari na malipo. Noah itawafikisha getini Lodoare, ila bondeni haishuki. Huko ni 4x4 tu. Mimi nachukua Land Cruiser ya paa la kufunguka pamoja na dereva wa hukohuko. Shemeji mwenye Prado mpya mwacheni abaki Dar.

Kabla ya kutoa advansi, muulize mwenye gari, naye ajibu kwa maandishi WhatsApp: tozo ya kushuka kreta imo kwenye bei? Hiyo si kiingilio. Kiingilio ni cha kila kichwa. Tozo ya kreta ni ya gari, muwe wawili au sita, kwa hiyo jazeni viti. Na dereva je, chakula na malazi yake ni juu ya nani? Ugomvi mwingi wa getini huanzia hapo.

Bunda la noti halisaidii. Mnalipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia simu au benki. Iombeni mapema, hakikini idadi ya watu, kisha angalia kikomo cha muamala cha simu yako, maana fedha ya kikundi kizima inaweza kukizidi. Kila mmoja abebe kitambulisho cha NIDA mwenyewe. Asiyethibitisha uraia anaweza kutozwa bei ya mgeni, na tofauti yake si ya kuchangishana.

3. Shukeni saa kumi na mbili asubuhi, kwa njia ya Seneto. Ukungu usiwatishe.

4. Chini. Ni kama mita 600 kutoka ukingoni, uwanda wa kilomita za mraba zipatazo 260 ulioachwa na volkano iliyojiporomokea. Anzeni na faru weusi kabla jua halijawa kali, kisha heroe wa Ziwa Magadi. Twiga msiwatafute, hawakai humo. Mkifika Ngoitokitok, mahali pa kupumzikia na kula, lieni chakula ndani ya gari, kwani mwewe wa pale hunyakua chapati mkononi. Saa kumi jioni anzeni kurudi juu. Saa kumi na mbili mnatakiwa muwe mmeshatoka.