Steki na viazi kwenye kikaango kimoja: soma hapa kabla ya kuuliza kwa nini nyama inatoa maji

Salaam wakuu.

Swali la "nyama yangu inatoa maji badala ya kukaangika" nimelijibu hadi vidole vimechoka. Namjibu mmoja leo, kesho anakuja mwingine nalo vilevile, neno kwa neno. Sasa naliweka lote mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa, na asinune.

Vipimo ni vya watu wawili. Steki 2, kila moja gramu 250 hivi, unene wa sentimita 2.5 hadi 3. Iwe sarara au nyama ya mbavuni, basi. Nyama ya kuchemsha saa mbili haigeuki steki kwa kuitwa steki. Nyembamba nayo haifai, maana katikati inaiva na kupitiliza kabla nje haijapata rangi. Viazi mviringo nusu kilo. Mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 3, siagi kijiko kimoja, punje 3 za kitunguu saumu zilizobondwa kidogo tu, chumvi, pilipili manga. Kikaango kizito cha upana wa sentimita 28 hivi, chenye mfuniko.

Hatua ya 1. Tia nyama chumvi dakika 45 kabla ya kuikaanga, au uitie pale pale inapoingia kikaangoni. Kati ya hapo usitie.

Hatua ya 2. Menya viazi, kata vipande vya sentimita 2, suuza.

Hatua ya 3. Viazi kikaangoni, maji nusu kikombe, chumvi kidogo, funika. Moto wa wastani, dakika 8. Ncha ya kisu iingie, lakini kiazi kisipasuke.

Hatua ya 4. Funua, acha maji yakauke yote. Nimesema yote, kwa sababu mafuta yakikutana na maji kwenye kikaango cha moto yatakurukia mikononi. Yakishakauka, mimina vijiko 2 vya mafuta, tandaza viazi, viache dakika 3 au 4 ndipo ugeuze. Anayekoroga kila sekunde anatengeneza viazi vya kuponda. Baada ya dakika 10 hadi 12 vitakuwa na rangi. Viweke kwenye sahani bila kuvifunika, maana ukivifunika mvuke utavilainisha na kazi yote itakuwa bure.

Hatua ya 5. Hapa ndipo chakula kinapoharibikia, kwa hiyo tulieni.

Nyama ikiwa imelowa juu, moto wote unaopita kwenye kikaango unaanza kwa kuyafukuza hayo maji. Na maji yakishachemka hayapandi zaidi ya nyuzijoto 100. Ile rangi ya kahawia, na ile harufu inayomtoa mtu chumbani bila kuitwa, zinahitaji nyuzijoto 140 hivi kwenda juu. Mwaka 1912 mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi amino asidi na sukari zinavyoungana zikipata joto, ndiyo maana jambo hili linabeba jina lake. Wapishi walikuwa wakilifanya tangu zamani. Kwa ufupi: kama chini kuna maji, hukaangi, unachemsha, hata moto uwe mkali namna gani.

Kwa hiyo kausha. Chukua tishu za jikoni au kitambaa safi, kandamiza upande huu, upande ule, na kingo zake. Tishu ikilowa, chukua nyingine. Endelea mpaka inanyanyuka kavu. Fanya hivi dakika ya mwisho kabisa. Ukiikausha halafu ukaenda kupokea simu, utakuta imetoa jasho upya. Chumvi haitaondoka yote kwa kukaushwa, iliyoingia imeingia.

Kisha kikaango. Kifute, kipashe kikiwa kitupu kwa moto mkali dakika 2 hadi 3, halafu dondosha tone moja la maji. Likikaa palepale likitoa povu, bado. Likigawanyika vitone vidogo vinavyokimbizana juu ya chuma, tayari. Jaribio hili ni KABLA ya mafuta. Anayedondosha maji kwenye mafuta ya moto asije kunionyesha malengelenge. Sasa tia kijiko kimoja cha mafuta. Yakianza kumeremeta na kutoa moshi mwembamba, laza nyama, ukiilaza kuelekea upande wa mbali nawe ili mafuta yakiruka yasikufuate.

Weka steki zisigusane, upana wa kidole kati yake. Kama hazitoshi, kaanga moja moja. Nyama mbili za baridi zilizobanana zinashusha joto la kikaango, maji yanatoka kwa kasi kuliko yanavyokauka, na umerudi kwenye kuchemsha. Viazi visirudi bado! Najua vinakutazama pale sahanini. Viache.

Halafu sikiliza. Nyama inayokaangika vizuri ina sauti kali, kavu, ya juu. Sauti ikishuka ikawa ya kutokota, ujue maji yamejikusanya chini: itoe nyama, mwaga maji, futa kikaango, kipashe upya, kausha nyama, rudia. Usiibonyeze kwa mwiko. Ikigoma kuachia chuma usiing'oe, ipe nusu dakika, itaachia yenyewe rangi ikishashika.

Hatua ya 6. Dakika 3 upande wa kwanza, geuza, dakika 2 upande wa pili. Punguza moto, tia siagi na kitunguu saumu, inamisha kikaango, uchote siagi kwa kijiko ukiimwagia nyama kwa dakika moja. Siagi isiingie mapema, ile sehemu ya maziwa iliyomo ndani yake inaungua upesi na kuwa chungu. Kitunguu saumu hivyohivyo.

Hatua ya 7. Choma kipimajoto kutokea ubavuni hadi katikati. Ikitoka kwenye nyuzijoto 52 itapanda yenyewe hadi 55 hivi ikipumzika: nyekundu kuelekea waridi, yenye maji yake. Ikitoka kwenye 60, waridi kidogo. Ikipita 70, imeiva kabisa. Kama huna kipimajoto, ipasue kidogo uangalie, hakuna atakayekushtaki. Ile ya kubonyeza nyama na kulinganisha na kiganja chako siiamini, viganja havifanani.

Hatua ya 8. Pumzisha nyama dakika 5 kwenye ubao. Sasa ndipo viazi virudi kikaangoni, kwenye mafuta ya nyama, ukikwangua ule ukoko wa kahawia uvishike. Dakika 2 au 3. Utamu wa kutumia kikaango kimoja uko hapa, kupunguza vyombo ni ziada tu.

Hatua ya 9. Tazama nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kata kwa kuzikatiza. Tia pilipili manga sasa, haitaungua. Pakua.

MASWALI

Njaa Kali: Mkuu asante kwa somo. Chumvi naweka saa ngapi?

Jibu: Hatua ya 1.

Njaa Kali: Nimeisoma. Nauliza hizo dakika 45, nahesabu kabla ya viazi au kabla ya nyama?

Jibu: Hilo sasa ni swali. Kabla ya nyama kugusa kikaango. Viazi kuanzia kumenya vinakula nusu saa. Kwa hiyo tia nyama chumvi, pumzika robo saa, ndipo ushike kisu cha viazi. Vitakutana vyenyewe.

Sahani Tupu: Nimefuata kila kitu kama ulivyoandika, nyama imeogelea. Somo hili halifanyi kazi.

Jibu: Uliikausha?

Sahani Tupu: Niliiosha vizuri kabisa. Halafu nikatia na viazi palepale kuokoa muda.

Jibu: Basi hukufuata nilivyoandika, ulifuata ulivyotaka. Umeilowesha, hukuikausha, ukaibananisha na viazi. Mambo matatu, yote yameandikwa hatua ya 5, tena kwa aya nyingi kuliko hatua nyingine yoyote. Na kuosha nyama hakuui vijidudu, kunavitawanya kwenye sinki na vyombo vilivyo karibu. Moto ndio unaoviua.

Mpishi Mgeni: Naomba kuelewa tu, kwa nini chumvi ama mapema sana ama mwishoni? Dakika 15 zina ubaya gani?

Jibu: Karibu sana, swali zuri. Chumvi ikigusa nyama inaanza kuvuta maji kutoka ndani. Kwenye dakika 10 hadi 20 utaona matone yamesimama juu, na ukikaanga wakati huo unakaanga bwawa. Ukisubiri, yale maji yanayeyusha chumvi yote, halafu nyama inayanywa tena pamoja na chumvi yake, na juu panaanza kukauka. Ndiyo maana dakika 45 ni salama. Ukiwa na nafasi, itie chumvi jioni, iweke kwenye friji bila kuifunika hadi kesho yake. Juu itakauka hadi uone kama imepata ngozi, na itashika rangi upesi mno. Iweke rafu ya chini ili isidondoshee vyakula vingine.

Mwiko Mrefu: Mimi nilifundishwa kwamba moto mkali unafunga nyama ili maji yasitoke. Ni kweli?

Jibu: Wengi tulifundishwa hivyo. Wazo hilo lilienezwa karne ya 19 na mkemia Mjerumani Justus von Liebig, likapendwa kwa kuwa linaingia akilini kirahisi. Lakini si kweli. Ile sauti ya kukaanga unayoisikia ni maji yanayoendelea kutoka na kugeuka mvuke. Kama nyama ingefungwa, kikaango kingenyamaza. Moto mkali ni kwa ajili ya rangi na ladha. Anayelinda maji ya nyama ni wewe, kwa kutoiivisha kupita kiasi.

Mpishi Mgeni: Na ile nyekundu inayobaki kwenye sahani, ni damu?

Jibu: Hapana, damu huondoka wakati wa kuchinja. Ile ni maji ya nyama yenye mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli. Ikipata joto inabadilika rangi, ndiyo maana nyama iliyoiva sana ni ya kijivu.

Kijiko Cha Saba: Kwa hiyo kula nyama yenye waridi ni salama?

Jibu: Kwenye kipande kizima vijidudu hukaa juu zaidi, na juu umepachoma. Mamlaka ya chakula ya Marekani inashauri nyuzijoto 63 kisha dakika 3 za kupumzika, kwa hiyo ukitaka kuwa upande wa tahadhari, fuata hapo. Kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, ivishe kabisa, usibishane. Nyama ya kusaga haimo kabisa kwenye mjadala huu, kwa sababu ya juu imechanganywa na ya ndani: nyuzijoto 71. Vilevile steki iliyotobolewa kwa mashine ili iwe laini, iivishe. Kuku ni 74.

Moto Chini: Naweza kuitoa friza na kuitia moja kwa moja?

Jibu: Barafu ni nini? Maji. Rudi hatua ya 5. Iyeyushe kwenye friji usiku kucha.

Moto Chini: Umekuwa mkali mkuu, tunajifunza.

Jibu: Sawa, nimepunguza moto. Ukiwa na haraka, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, uizamishe kwenye maji ya baridi, ukiyabadilisha kila nusu saa. Kisha ikaushe mara mbili zaidi, iliyotoka friza ina machozi mengi.

Mwiko Mrefu: Kikaango changu ni cha utando usioshika. Nacho?

Jibu: Kinafaa kwa viazi, kwa steki kitakupa rangi hafifu. Usikipashe kitupu kwa moto mkali kama nilivyosema juu, utando unaharibika. Kipashe kikiwa na mafuta, moto wa juu kidogo ya wastani, na uridhike na utakachopata.

Tanuri: Kwa nini mnajisumbua? Viazi oveni, nyama kikaangoni, mwisho wa habari.

Jibu: Kichwa kinasema kikaango kimoja. Andika somo la oveni, nitalisoma.

Ganda La Kiazi: Nyongeza ndogo. Viazi vilivyokaa friji vinaungua rangi kabla ya kuiva, kwa sababu baridi inageuza wanga kuwa sukari. Viwekeni mahali pakavu penye giza.

Jibu: Umenena. Na giza ni muhimu, mwanga unavigeuza kijani, na kijani inakuja na solanini, sumu ambayo kupika hakuiondoi. Doa dogo likate kwa kina, kikiwa kijani kingi au kichungu, tupa.

Kijiko Cha Saba: Mafuta yakishika moto nifanye nini? Kikaango changu kinatoa moshi hadi naogopa.

Jibu: Zima jiko, funika kwa mfuniko, usikisogeze, usifunue mpaka kipoe. Maji KAMWE. Ndiyo maana mfuniko uwe karibu hata wakati huutumii. Na moshi ukiwa mzito, epua kikaango kabla nyama haijaingia.

Ganda La Kiazi: Iliyobaki mnaipashaje? Yangu kesho yake huwa ngumu.

Jibu: Usiipashe. Ikate nyembamba ikiwa ya baridi, kwa kukatiza nyuzi. Pasha viazi peke yake hadi vichangamke, zima jiko, ndipo uchanganye nyama na viazi. Joto la viazi linaitosha.