Chora atomi ya klorini hatua kwa hatua, ukijua kila sehemu ilitoka wapi

Katika kufundisha kemia nimeona wengi wanaochora atomi vizuri kwa kukariri, lakini ukiuliza kwa nini kiini kiko katikati, kimya. Kwa hiyo hapa tutachora huku tukidai ushahidi. Chukua penseli na jedwali la elementi. Nimechagua klorini kwa makusudi, kwa sababu ina mtego.

Hatua ya 1: Soma namba atomia. Ni 17, yaani protoni 17 (chembe zenye chaji chanya ndani ya kiini). Ongeza moja tu, hiyo si klorini tena, ni argoni. Henry Moseley ndiye aliyeonyesha kwa eksirei, mwaka 1913, kwamba namba hii inatokana na chaji ya kiini, si nafasi tu katika jedwali.

Hatua ya 2: Chora kiini, kidogo uwezavyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 John Dalton aliichukulia atomi kuwa kitu kisichogawanyika. Mwaka 1897 J. J. Thomson akagundua elektroni, zenye chaji hasi, akapendekeza kwamba zimepachikwa ndani ya chaji chanya iliyosambaa atomi nzima. Kama ni hivyo, chembe za alfa (chembe ndogo nzito zenye chaji chanya) zikirushwa kwenye utando mwembamba wa dhahabu zingepita zote, zikipinda kidogo tu. Hans Geiger na Ernest Marsden walijaribu huko Manchester mwaka 1909, chini ya Ernest Rutherford. Nyingi zilipita kweli. Chache mno zikarudi zilikotoka! Chaji iliyosambaa haina nguvu ya kufanya hivyo, na mwaka 1911 Rutherford akahitimisha kuwa chaji chanya na karibu masi yote vimebanana katikati.

Mchoro wako utadanganya kuhusu ukubwa, hakuna namna: kiini cha klorini kingekuwa na upana wa sentimita 1, elektroni za nje zingekuwa zaidi ya mita 100 kutoka hapo.

Hatua ya 3: Hesabu neutroni, chembe za kiini zisizo na chaji. Huu ndio mtego. Jedwali linaonyesha masi ya 35.5, ukitoa 17 unapata 18.5, na nusu ya neutroni haipo. Namba ile ni wastani. Takriban robo tatu ya atomi za klorini zina namba ya masi (protoni jumlisha neutroni) 35, zilizobaki 37; aina hizi mbili huitwa isotopu. Chagua isotopu kwanza, ndipo utoe: neutroni 18 au 20. Hapa ndipo dai la Dalton kwamba atomi zote za elementi moja zinafanana kabisa linapoanguka. Neutroni yenyewe ilichelewa kupatikana. James Chadwick aliitambua mwaka 1932.

Hatua ya 4: Panga elektroni. Atomi haina chaji, hivyo ni 17: ganda la kwanza 2, la pili 8, la tatu 7. Maganda tunayachora kwa kufuata Niels Bohr (1913). Duara hizo si njia halisi za elektroni, ila kwa elementi 20 za kwanza mpangilio huu unatosha. Kuanzia skandiamu usiutegemee.

Hatua ya 5: Jipime. Ongeza elektroni moja, ganda la nje liwe na 8. Usiguse kiini. Protoni 17, elektroni 18, chaji −1: hiyo ni ioni (atomi yenye chaji) ya kloridi. Ukipata +1, umetoa elektroni badala ya kuongeza.