Kumzika paka kiamboni

Chausiku alikufa alfajiri, ukumbini, kichwa kakilaza juu ya kandambili zangu. Nimemzika mwenyewe hapa Wete, Pemba, na safari hii nimemzika sawasawa. Wa kabla yake nilimchimbia kishimo cha magotini tu. Usiku wa tatu ngawa akamfukua. Asubuhi nikakuta kipande cha kanga niliyomfungia kimenasa kwenye mgomba, kimejaa udongo. Sitaki yakukute hayo.

Chimba mpaka shimo likufike kiunoni, karibu mita 1, ili juu ya mnyama ubaki udongo usiopungua sentimita 60. Kwetu vilimani udongo ni mwekundu, jembe na beleshi vyatosha. Walioko Micheweni au Makunduchi watapiga mtaimbo mara mbili tatu, wagote jiwe. Usilazimishe hapo. Tazama palipoota migomba au mipapai, ndipo penye udongo. Ukikosa, au kama unakaa Mji Mkongwe, muombe ndugu mwenye shamba.

Kisima kikae mbali kabisa, na usizike upande wa juu wake, maana masika maji huteremka na kila kilichomo ardhini. Bonde la mpunga usilithubutu: ukichimba kidogo tu, maji haya hapa. Nyumba ya kupanga, muulize mwenye nyumba kwanza. Shamba la ukoo, mwambie mkubwa wenu.

Mfunge kwa kanga kuukuu ya pamba au mlaze ndani ya pakacha. Nailoni haiozi, iache. Mnyama hana sanda wala sala, na makaburini kwa watu hapelekwi, lakini kumlaza kwa upole hakukatazwi. Rudisha udongo kidogo kidogo huku ukishindilia kwa miguu, kisha panga mawe mazito juu.

Ikiwa daktari wa mifugo alimfisha kwa sindano, hicho kina usikipunguze hata kidogo. Dawa ile hubaki mwilini, na mbwa akiifukua nyama akaila, naye huweza kufa.

Na kama mnyama alikuwa akitoka mate na kuuma ovyo kabla ya kufa, usimguse, huenda ni kichaa cha mbwa. Mwite afisa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku ileile.

Chausiku nimemlaza nyuma ya jiko, karibu na mlangilangi. Mawe nimeyabeba kutoka pwani, safari tatu.