Somo: Kukagua hatari katika kinu cha posho

Somo hili ni la wanachama wetu, wenye vinu na vijana wanaovisimamia hapa Kisumu na vitongoji vyake. Limetokana na kinu nilichotumwa kusagisha mahindi tangu utotoni. Siku moja mkanda unaozungusha kinu ulinasa leso ya mama aliyeinama kuokota debe lake. Leso ikararuka, mama akapona. Mkanda ule ulikuwa wazi miaka yote, na sote tulikuwa tukiupita.

Hatua ya 1. Simama utazame. Nenda jioni, foleni ikiwa ndefu na watoto wametumwa na madebe, ukae pembeni nusu saa. Mikono inapita wapi? Nani anainama? Mtoto ameegemea nini? Kinu kilichozimwa hakikuonyeshi kitu.

Hatua ya 2. Muulize msagaji ni wapi amewahi kuponea chupuchupu. Wetu alinionyesha kijiti cha kusukumia mahindi yakikwama, ncha yake imetafunwa na nyundo za kinu. Siku kijiti kikipotea, atasukuma kwa vidole.

Hatua ya 3. Andika kihatarishi, atakayeumia, na jinsi atakavyoumia. “Mashine ni hatari” haisaidii mtu. Andika: “Mkanda kati ya mota na kinu hauna kinga, upande wa foleni.” Usisahau waya zilizochunika na vumbi la unga, linaloweza kuleta pumu. Kelele nayo ina kipimo cha haraka: mkilazimika kupaza sauti mkiwa umbali wa mkono mmoja, masikio yako hatarini. Kanuni za Kenya za kelele kazini za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku.

Hatua ya 4. Toa alama 1 hadi 5 za uwezekano, na 1 hadi 5 za ukubwa wa madhara, kisha uzidishe. Mkanda wetu niliupa 4 mara 5, yaani 20. Unga unaotelezesha sakafuni, 3 mara 2, ni 6. Unga ndio unaokera macho, lakini anza na mkanda.

Hatua ya 5. Rekebisha kwenye chanzo. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kinga ya wavu wa chuma, matundu yasiyopitisha kidole. Ifungwe kwa bolti. Ikifungwa kwa waya, itatolewa siku ya kukaza mkanda na hapo ndipo itaachwa ukutani. Swichi ya kuzima iwe pale msagaji anapoifikia bila kuvuka mkanda. Na tafadhali, usimpe glavu za kusimamia mashine inayozunguka: glavu ikinaswa, inavuta mkono mzima.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Ahero: Mwalimu, nina vijana wawili tu. Sheria inanihusu?

Jibu: Inakuhusu, ndugu yangu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inagusa kila mahali penye mtu anayefanya kazi, na inawalinda pia wasio wafanyakazi, kama wateja wako. Kamati ya usalama ndiyo inayosubiri wafanyakazi wafike 20.

Mwanachama wa Maseno: Barakoa ya hospitali inazuia unga?

Jibu: Haizibi pembeni, dada, kwa hiyo vumbi laini linapenya. Barakoa ya N95, inayobana uso na kuchuja vumbi laini, ni bora, lakini kwanza funga mfuko wa kitambaa kizito kwenye mdomo wa kutolea unga, na uache kufagia pakavu. Nyunyiza maji kidogo mbali na umeme, au ufute kwa kitambaa chenye unyevu.

Mwanachama wa Kondele: Mkanda ukiteleza, kijana wangu huupaka gundi kinu kikizunguka. Anasema akizima wateja wanaondoka.

Jibu: Mzuie leo hii. Azime, atoe fyuzi na kuiweka mfukoni mwake mwenyewe, asubiri puli, yaani gurudumu linalobeba mkanda, isimame kabisa, ndipo auguse. Wateja waambie wewe, usimwachie kijana.