Funga Mabeki kwa Kamba, Mwache Winga Acheze

Kama una kijana mmoja anayejua chenga, usianze naye. Anza na mabeki wake.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili nafundisha vijana mpira hapa Bwejuu, Zanzibar, na ugomvi wa barazani ni ule ule. Wapo wanaotaka pira biriani, mpira wa madoido, wa kanzu na tobo, mtu arudi nyumbani amefurahi. Wapo wanaosema mpira ni matokeo, paki basi, wote mjazane golini, dakika tisini ziishe. Kila mmoja ananivuta upande wake. Mimi nawaambia hivi: kijana wa chenga, hata awe fundi vipi, atanyang'anywa mpira mara nyingi kuliko atakavyopita. Akinyang'anywa, nani yuko nyuma yake? Kama hakuna mtu, mtafungwa, mwalimu atamfokea, naye baada ya mwezi ataacha kujaribu, atakuwa anapiga pasi za pembeni kama wenzake. Ukuta mzuri ndio unaompa ruhusa ya kukosea. Basi nakueleza ninavyoujenga, kisha ninavyomweka yeye mbele yake.

Tafuta kamba kwanza. Kwetu hazitafutwi mbali: kinamama hufukia makumbi ya nazi ufukweni, yakakaa miezi mpaka yakalainika, wakayafukua, wakayaponda na kusokota. Nilikwenda kwa shangazi yangu nikamwomba vipande vitatu, kila kimoja pima nne na nusu, yaani kama mita 8.

"Vya kufungia ng'ombe?" akaniuliza.

"Vya mabeki, shangazi."

Akanyamaza kidogo, akipitisha uzi kwenye viganja. "Basi nikusokotee nyembamba, mwanangu. Nene zitawachuna."

Mabeki wako wanne wapange mstari mmoja, uwaunganishe kiunoni, juu ya jezi, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Hilo la fundo lishike sana. Siku ya kwanza mimi nilifunga fundo gumu. Beki wa kulia akaufukuza mpira kwa mbio, akamburura beki wa kati, mtoto wa watu akaangukia goti kwenye jiwe la tumbawe lililochomoza mchangani. Kosa lilikuwa langu, na nilikwenda mwenyewe kumwambia mama yake. Tangu siku hiyo kwenye kamba tunatembea, tukizidisha sana ni mchakamchaka. Mbio za kasi hufanywa kamba ikishafunguliwa.

Sasa weka wachezaji watatu mbele yao, hatua ishirini hivi, wapigiane pasi kulia na kushoto. Mpira ukienda kulia, mstari mzima unasogea kulia. Ukirudi katikati, nao wanarudi. Sharti ni moja: kamba isikaze na isiburute chini. Ikikaza, kuna nafasi ya mtu kupita katikati yenu. Ikiburuta, mmerundikana na upande mmoja mmeuacha wazi.

Mtazame beki wa mbali, yule ambaye mpira uko upande wa pili. Tatizo huwa kwake kila mara. Anamwangalia winga wake, anaona akimwacha atalaumiwa, basi anaganda pale pale. Bila kamba utapiga kelele "ingia ndani!" mpaka sauti ikauke na hatoelewa unataka aingie kiasi gani. Kwa kamba, kiuno kinavutwa kabla hujafungua mdomo. Jioni tatu zinatosha, nimeona, akaanza kusogea mwenyewe.

Wakishazoea kwenda pembeni, wafundishe kupanda na kushuka, na hapa usitumie filimbi. Wasome mwenye mpira. Akiinamisha kichwa, au akitupa mgongo, hawezi kupiga mpira mrefu, kwa hiyo mstari upande hatua tatu nne. Akiinua kichwa na mguu umejiandaa kupiga, mstari ushuke kabla hajapiga. Anayeamua ni beki wa kati mmoja, kwa neno moja. Sisi tunatumia "panda" na "rudi". Mabeki wanne wakiamua kila mtu kwa kichwa chake, mmoja atabaki nyuma na kuotea hakutakuwepo tena.

Mbele ya mabeki pangeni viungo, kama hatua kumi na mbili. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu, wakidhani kujilinda ni kurundika miili mbele ya goli. Arrigo Sacchi alipokuwa mwalimu wa AC Milan ya Italia alitaka kutoka kwa beki wa mwisho hadi mshambuliaji wa mbele pasizidi mita 25, na Milan ile ikachukua Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990. Ndani yake walikuwamo Gullit na Van Basten, watu wa raha tupu kuwatazama. Timu ikiwa fupi, fundi wako anapopata mpira wenzake wako karibu, na akiupoteza wako karibu vilevile. Timu ndefu humwacha peke yake kama mvuvi aliyeachwa mwambani maji yakijaa.

Mfano wa karibu zaidi tuliletewa hapa Zanzibar, uwanja wa Amaan, Agosti 2025, kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Sudan iliifunga Nigeria 4-0 pale. Watu wanakumbuka mabao, mimi naomba mkumbuke na hili: Sudan hiyo hiyo ilifungwa bao moja tu katika mechi zake tatu za kundi. Na Morocco kwenye Kombe la Dunia mwaka 2022 kule Qatar, hadi wanaingia nusu fainali, bao pekee lililoingia nyavuni mwao walijifunga wenyewe, dhidi ya Canada. Hispania ilipiga pasi zaidi ya elfu moja mbele yao bila kupata bao, ikatolewa kwa penalti. Lakini tazama nani walikuwa wakiutoa mpira kwenye ule ukuta: Ounahi na Boufal, watu wa chenga, wanaupokea katikati ya fujo na kuondoka nao. Ukuta ule bila wao ungekuwa ukuta mtupu, mpira ungeurudia kila mara mpaka ukuta uanguke.

Kwa hiyo, kijana wako. Mimi huchora mistari miwili ya majivu ya jikoni, nikaugawa uwanja mara tatu. Karibu na goli letu hakuna chenga, ni kugusa mara mbili na kutoa. Katikati, chenga ipo kama una mwenzako nyuma ndani ya hatua kumi. Theluthi ya mbele ni pake. Akinyang'anywa huko, hakuna wa kumnyooshea mkono, mimi wa kwanza. Anachodaiwa ni kimoja: auwinde mpira ule kwa hesabu ya moja hadi tano, kwa nguvu zake zote. Asipoupata, arudi kwenye mstari wa viungo, asimame upande wake, apumzike humo. Kumfuata beki mpaka kwenye kona yetu si kazi yake.

Hili nililipata kwa machungu. Msimu mmoja tulikuwa na mechi ngumu, nikamwamuru winga wangu amshike beki wao wa kushoto mchezo mzima. Akatii, na kwa saa nzima beki yule hakupiga krosi hata moja, nikajiona mwalimu. Dakika ya 70 mpira ukamdondokea winga wangu mguuni, mbele yake yupo beki mmoja na kipa, na nafasi tele. Akaugusa mara moja. Bega likashuka kama anataka kwenda ndani, chenga yake ile ninayoijua. Kisha mguu haukufuata. Akageuka akaurudisha nyuma kwa kiungo. Nilimwona amesimama, mikono kiunoni, anahema. Tulifungwa dakika chache baadaye, na mchana ule nilijua nimemtumia vibaya.

Mtaniambia Eto'o, mshambuliaji wa Inter, alicheza kama beki pale Camp Nou, kwa Barcelona, mwaka 2010, Inter wakiwa kumi baada ya Thiago Motta kutolewa kwa kadi nyekundu, wakafungwa 1-0 na wakavuka kwa jumla ya 3-2. Kweli, na namheshimu sana kwa usiku ule. Lakini ile 3-1 ya mechi ya kwanza, kwao Milano, waliipata kwa kushambulia. Na yule alikuwa mtu mzima kwenye mechi moja ya maisha yake. Usimlishe kijana wa miaka 16 chakula hicho kila wiki.

Zoezi la kuunganisha pande mbili ni hili. Mabeki wamo kwenye kamba, winga amesimama kwenye mstari wa katikati, karibu na mstari wa pembeni. Rusha mpira kwa beki yeyote. Ndani ya pasi mbili uwe umefika mguuni kwa winga, naye amtoke mtu mmoja. Beki akikosa njia abutue, simkatazi, ila abutue upande wa winga.

Upepo nao unacheza. Uwanja wetu unatazama kusini na kaskazini. Msimu wa kusi, mkishambulia kusini, mpira mrefu unawarudia usoni, basi chezeni chini, na mabeki washuke hatua tano maana mipira ya wenzenu inaruka mbali kuliko inavyoonekana. Mkibadilishana magoli, mpeni winga mpira mguuni. Ukimtupia mbele upepo utaupeleka hadi kwa kipa. Kaskazi ikiingia, geuza hesabu hiyo.

Penalti zipigwe mwisho wa mazoezi, miguu imechoka. Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, mwaka 2017 walitoka 2-2 na Kenya kwenye fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, pale Machakos, kombe likachukuliwa na Kenya kwa penalti 3-2. Kujiangusha ili dakika ziishe, mimi sifundishi.

Jioni ya nne fungua kamba, chezeni mechi ya kweli. Katikati ya mchezo, bila kumwambia mtu, piga filimbi na kila mmoja agande alipo. Ingia uwanjani na kipande kimoja, kipime kati ya beki na beki. Fanya hivyo mara sita, na angalau mara mbili iwe pale winga amepokonywa mpira sasa hivi. Kamba ikifika kwa wote wanne mara nne, kesho yake ongeza kasi. Isipofika, wafunge tena wiki nyingine. Kipande kikikatika usikiunge, fundo litamchoma mtu ubavuni, kasokotewe kingine.